Furahia mlo wako? Kwa amri ya nani?

Msomaji wa Kilifi ananiuliza: "Kuna Waitaliano hapa Malindi, mume, mke na watoto wao, wana kijumba chenye meza chache. Mama yuko jikoni, baba anapokea wageni. Tulikwenda pale Jumapili na tulifurahia mlo wetu sana. Je, mahali hapo ni mgahawa, mkahawa au hoteli?"

Jibu ni fupi. Mgahawa na mkahawa ni neno moja kwa matamshi mawili, na mzizi wake ni kahawa, tuliyoipokea kwa Waarabu. Tanzania wengi husema mgahawa, Kenya mkahawa. Hoteli nayo si kosa, maana Mkenya huita hoteli hata kibanda cha chai na mandazi, ila mgeni atakuuliza vyumba viko wapi. Wenyewe huita trattoria, na Malindi, ambako Waitaliano wamezoeleka tangu miaka ya 1960 walipojenga kituo cha kurushia setilaiti kule Ngomeni, neno hilo halihitaji mkalimani. Wewe andika mkahawa.

Kilichonikwama kooni ni hicho ulichokipitisha kimyakimya: "tulifurahia mlo wetu." Ndugu yangu, umeshindwa kusema chakula kilikuwa kitamu, mkala mkashiba? Mswahili hufurahia jambo: ushindi, mtoto aliyefaulu, mgeni aliyefika salama. Chakula hukipenda, hukisifu, na kikizidi utamu hulamba vidole.

Na heri wewe uliyesimulia tu. Wapo wanaoamrisha! Unaletewa sahani ya ravioli, mvuke bado unapanda, hujashika hata uma, unaambiwa: "Furahia mlo wako." Nisipotaka je? Kama nimetoka mazikoni? Halafu hilo "wako". Kwani ningefurahia wa nani, wa meza ya pili? Na mama wa pale akiweka bakuli moja la tambi katikati, watu watano wakichota, "wako" ni nani hapo?

Waitaliano hawana hatia. Wao husema buon appetito, wanakutakia hamu njema ya kula, nawe utaihitaji, kwa sababu ukimaliza tambi ukadhani umemaliza, samaki ndiyo kwanza anatoka jikoni. Amri ya kufurahi tumeitoa kwenye Kiingereza, kwa mikono ya watafsiri wa matangazo: furahia safari yako, furahia ofa, furahia wikendi. Siku moja daktari wa meno atatuambia tufurahie kung'olewa.

Kwetu pwani chakula kikitua mezani mwenyeji husema "karibuni", au "bismillahi", mikono ikaingia. Apitaye huitwa "karibu chakula", naye asiyetaka hujibu "starehe" akaenda zake. Hakuna aliyemwambia mwenzake ahisi nini.

Najua vita hivi nimeshindwa. Furahia imo kwenye kila simu. Kwenye maongezi nitaivumilia, kama ninavyovumilia "naweza kupata maji?" badala ya "naomba maji". Lakini wenye mkahawa wakikuomba uwatafsirie menyu, usithubutu. Andika "Karibuni mezani". Na kama wanatoza coperto, ile ada ya kila kichwa kwa ajili ya mkate na kitambaa, ieleze kwa herufi kubwa, maana bili ikija na ada asiyoijua mteja, hata hiyo furaha ya kuamrishwa haitapatikana.