Skuta Inanguruma Lakini Haipandi? Usikubali Injini Ifunguliwe Kwanza

Juzi msomaji mmoja wa Bondo aliniandikia: "Dada, skuta yangu ikishika mlima inapiga kelele tu, haiendi. Fundi anasema ring zimekwisha. Nifanyeje?" Nilisoma ujumbe huo mikono ikiwa na unga, nikacheka kicheko kisicho na furaha. Maneno hayo ya ring, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni ndani ya injini, niliambiwa mimi hapa Kisumu, karibu neno kwa neno, na bado yananichoma.

Mnaonifuata siku nyingi mnajua mkate wangu unatoka wapi. Naoka keki Manyatta na kuzipeleka mwenyewe kwa skuta, boksi limefungwa nyuma. Wateja wangu wazuri wako juu, njia ya Kakamega. Mtu wa Kiboswa aliyelipia keki ya harusi hataki kusikia habari za skuta mbovu. Sisi tuliojiajiri kwa magurudumu mawili tunaelewana hapo: skuta ikilala, na wewe umelala.

Dalili zilianza kidogo kidogo. Skuta ikiwa imesimama na injini inaunguruma taratibu, kulikuwa na mgongano upande wa kushoto, unaopotea nikivuta mafuta. Kuondoka kukawa kwa kushtuka. Kwenye tambarare ya Nyamasaria ilifika mwendo fulani ikakwama hapo, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki. Halafu mlima. Ukishapita Mamboleo na barabara ianze kuinuka kuelekea Kiboswa, mara inanguruma bila kusonga, mara inazama sauti na kukosa nguvu kabisa. Boda zikawa zinanipita zikiwa na abiria wawili na gunia la mkaa. Mmoja alinipungia mkono.

Nikaenda kwa fundi. Sitamtaja, na gereji yake sitaitaja. Aliniita "madam" kwa ile sauti inayokupa heshima kwa mdomo na kukupokonya kwa macho. Hakufungua hata bolti moja. Aliwasha, akasikiliza kidogo, akatoa hukumu: ring, pistoni, silinda ikachongwe, niache skuta na pesa ya kuanzia. Nikamuuliza, kwa adabu zote, mbona haitoi moshi? Mbona oili haipungui? Akajibu, "Madam, wewe pika keki, chuma niachie mimi." Vijana waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Mmoja akaongeza kwamba skuta ni ya kwendea saluni.

Niliondoka. Nilirudi nyumbani polepole, njia nzima nikijibu yale ambayo sikuwajibu pale.

Ukitulia utaona swali langu halikuwa la kijinga. Ring zikiisha, oili inapita juu ya pistoni na kuungua. Unaona moshi wa bluu, kipimo cha oili kinashuka, na kama skuta yako ina kiki ya kuwashia kwa mguu, mguu unashuka kwa wepesi usio wa kawaida kwa sababu mgandamizo umekwisha. Yangu haikuwa na hata moja ya hayo. Injini ilikuwa inafanya kazi yake. Kilichokwama ni safari ya nguvu kutoka injini hadi tairi.

Nikubali jambo moja kwa haki. Mafundi wengi wa huku wamelelewa na pikipiki za Boxer na TVS: cheni, gia, klachi ya mkono. Wanazijua usingizini. Skuta haina cheni wala gia za kukanyaga. Ina kava refu upande wa kushoto, na ndani yake puli mbili, yaani magurudumu ya kuzungushia belti, na belti yenyewe. Asiyewahi kufungua kava hilo atakuonyesha ugonjwa anaoujua.

Puli ya mbele iko kwenye shafti ya injini na ina nyuso mbili. Uso wa nje umekazwa na nati, hauendi popote. Uso wa ndani, ambao tunauita vario, unateleza juu ya bushi, bomba fupi la chuma, na mgongoni mwake kuna vyumba vyenye njia zilizoinama. Ndani ya kila chumba kuna rola, kipipa kidogo cha chuma kilichovikwa plastiki ngumu. Kwa skuta nyingi ndogo ziko sita. Injini ikizunguka kwa kasi, rola zinakimbilia ukingoni kama jiwe kwenye kombeo, zinapanda ile njia iliyoinama na kuusukuma uso wa ndani uende nje. Nyuso zikikaribiana, belti inabanwa na kupanda juu mbele, huku nyuma ikizama ndani ya puli iliyo na springi. Hapo ndipo gia nzito inapopatikana, bila wewe kugusa kitu. Ukishika mlima mzunguko unapungua, springi ya nyuma inaishinda nguvu ya rola, belti inarudi, unapata gia nyepesi.

Si uchawi wala si jambo la jana. Kampuni ya DAF ya Uholanzi ilionyesha gari dogo la kutumia belti na puli za namna hii mwaka 1958. Kwa hiyo mtu asikuambie eti hizi ni teknolojia ngeni.

Sasa fikiria rola iliyolika upande mmoja ikawa bapa. Haibingiriki tena. Inaburuzika, inakwama katikati ya njia, na puli haifungi vizuri wala haifunguki vizuri. Hiyo ndiyo skuta yangu ya Mamboleo.

Nilifungua Jumapili baada ya kanisa, kwenye veranda, mpwa wangu akinishikia tochi. Injini iwe imepoa na skuta isimame kwenye stendi ya katikati. Bolti za kava hazilingani urefu, kwa hiyo nilichora umbo la kava kwenye kipande cha katoni na kuchomeka kila bolti mahali pake. Kava likitoka utakutana na vumbi jeusi la belti. Usilipulize kwa mdomo. Pangusa kwa kitambaa, ufunge pua.

Nati ya mbele ndiyo inayowarudisha watu kwa fundi, maana ukiizungusha puli nayo inazunguka. Watu huchomeka bisibisi kati ya mapezi ya feni iliyo kwenye uso wa nje ili kuizuia, na pezi linakatika. Tafuta kishikio cha puli chenye miguu miwili, au jirani mwenye mashine ya kufungulia nati za matairi. Mimi nilinunua kishikio, na leo nakikodisha kwa majirani, nikipata hela ya mayai.

Nati ikitoka, toa uso wa nje, sogeza belti, kisha vuta vario yote kwa pamoja huku vidole vimeshikilia sahani ya nyuma, ile inayozifunika rola. Ukiiachia, rola zitamwagika na hutajua ipi ilikaa vipi. Piga picha kabla ya kuzitoa. Rola zina upande uliofunikwa na upande ulio wazi, na zote hutazama mwelekeo mmoja. Mpya zikae hivyo hivyo.

Niliziweka juu ya kioo cha mlango wa oveni. Rola mpya ukiisukuma kwa kidole inakwenda hadi ukingoni. Zile za zamani zilizunguka nusu, zikapiga "ta" na kulala kwenye ubapa wao. Moja ilikuwa imelika plastiki hadi chuma cha njano kinachungulia, na kwenye chumba chake kulikuwa na mkwaruzo ninaousikia kwa ukucha. Nikazipima kwenye mzani wangu wa unga: hakuna mbili zilizolingana. Nilikaa pale nikiziangalia, na nikiri kwamba kilichonijia kwanza ni sura ya yule kijana wa saluni.

Mkwaruzo wa kusikika kidogo unavumilika. Ukiwa mtaro, badilisha vario nzima, maana rola mpya juu ya njia mbovu zitalika haraka. Angalia pia vipande vya plastiki vinavyoshika sahani ya nyuma. Vikilegea ndivyo vinavyopiga kelele. Na belti: pima upana wake, linganisha na kiwango cha mwisho kwenye kitabu cha skuta yako, tazama nyufa kati ya meno. Belti iliyokonda au klachi iliyoisha nayo hufanya injini ingurume bila kusonga, mara nyingi kukiwa na harufu ya kuungua. Ndiyo sababu nasema ufungue uone kwa macho yako, usikisie. Usikisie wewe, wala usimruhusu mtu akisie kwa pesa yako.

Dukani Kondele beba rola ya zamani mkononi. Kuna kipenyo, kuna upana, kuna uzito. Injini za GY6, aina iliyo kwenye skuta nyingi za Kichina, za cc 125 na 150 hutumia rola za milimita 18 kwa 14, zile za cc 50 hutumia 16 kwa 13, na kampuni nyingine zina vipimo vyao. Muuzaji alinishauri nichukue nyepesi kabisa "ili ipae". Sikuchukua. Rola nyepesi haiongezi nguvu hata kidogo. Inachelewesha puli kufunga ili injini izunguke zaidi kabla ya kubadilika. Mlimani na mzigo hiyo inasaidia. Ukizidisha, injini inalia muda wote, petroli inakwenda, na mwendo wa juu unapungua. Nzito nazo hubadilisha mapema mno na skuta inakuwa goigoi. Nilinunua uzito wa kiwanda.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa, isipokuwa pahali pamoja ambapo nawaomba msome mara mbili. Safisha vyumba vya vario vikauke. Usipake grisi isipokuwa kitabu chako kinaitaka. Skuta nyingi hutaka rola kavu, na grisi ikirushwa kwenye belti umeharibu yote. Rudisha vario ukiwa umeibana na sahani yake ya nyuma, isije rola ikatoka chumbani njiani. Kisha, kabla ya kuweka uso wa nje, nenda kwenye puli ya nyuma, itanue kwa mikono miwili na uisukume belti izame ndani. Hapo mbele itapata ulegevu na kukaa chini karibu na bushi. Usipofanya hivyo uso wa nje utaibana belti badala ya kukaa kwenye bushi. Nati utaihisi imekaza, kumbe imekazia mpira. Ukienda kidogo belti inakaa sawa, nati inalegea, na meno ya shafti yanasagika. Huo ndio uharibifu wa pesa nyingi, na hauna uhusiano wowote na ring.

Kaza kwa spana ya kupimia nguvu, kwa kiwango cha kitabu. Zungusha puli kwa mkono uone belti inakwenda bila kugusa. Watoto wakae mbali unapowasha, maana tairi la nyuma litazunguka hewani.

Jumatatu nilipanda Kiboswa na keki ya ngazi tatu. Sikuvuta mafuta hadi mwisho. Boda moja tulikwenda sambamba karibu nusu ya mlima, na aliyesalimu amri si mimi.

Dada zangu, na nyinyi vijana mnaopeleka chakula usiku, niwaambie kitu. Hakuna aliyezaliwa anajua spana. Kitabu cha skuta mnakitupa na katoni, halafu mnalia mmeibiwa. Kisomeni. Ukienda gereji, simama pale pale, uliza, na omba urudishiwe spea ya zamani mkononi. Fundi mwaminifu hatakasirika, na wako wengi waaminifu. Mmoja wa Kibuye alinikagulia klachi bure baada ya kuona nimefungua mwenyewe. Anayekasirika kwa swali amekujibu tayari. Na mama akichafuka mikono kwa vumbi la belti, hiyo si aibu, hata kama kuna benchi zima linacheka.

Kwa walioniuliza kuhusu kupunguza uzito wa rola kwa ajili ya milima ya Maseno na Vihiga: anza na uzito wa kiwanda, panda na mzigo wako wa kila siku, usikilize. Ikiwa injini bado inazama katikati ya mlima ilhali belti na klachi ni nzima, shuka gramu moja kwa kila rola, si tatu. Ukitaka nusu ya hapo, changanya tatu za uzito mmoja na tatu za mwingine, lakini uzipange kwa kupishana, moja nyepesi moja nzito, ili vario isiyumbe. Kisha jaza tanki na uangalie petroli kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua.