Nguzo za uzio wa vinili zinapopandishwa na barafu

SWALI: Fundi, habari za kazi. Tumenunua nyumba hapa Saint Paul, Minnesota, na ninataka kuzungushia ua wa nyuma uzio wa vinili wa futi 6, usioonyesha ndani. Uzio wa jirani una miaka miwili tu, lakini nguzo zimepanda na geti halifungi. Mume wangu anasema tujaze zege mpaka juu na tulitandaze pembeni ili nguzo ishike. Ni sawa?

JIBU: Nzuri, dada. Hapana, msifanye hivyo. Zege lililotandazwa juu ndilo linaloing'oa nguzo. Maji ya udongoni yakiganda hutanuka na kusukuma juu, na ule ukingo wa zege huwa kama kofia ya uyoga: barafu inapata pa kuinulia. Ikiyeyuka, udongo unakuwa umeshaingia chini ya zege, kwa hiyo nguzo hairudi ilipokuwa. Nimeshachimbua nyingi za namna hiyo. Zege linatoka pana juu kama sinia, jembamba chini kama karoti, na halikufika hata futi 3.

Kwenu Saint Paul kina cha baridi, yaani kina ambacho udongo huganda, kinachotambuliwa na kanuni za ujenzi ni inchi 42. Kaskazini mwa jimbo ni 60. Chimbeni inchi 48, upana inchi 10 hadi 12, na chini mpanue kidogo kama kitako cha mtungi. Mwageni kokoto inchi 6, mshindilie. Nguzo nyingi za dukani zina futi 9, kwa hiyo hazitafika chini. Si neno: zege lenyewe ndilo lianzie inchi 42, nguzo ikae ndani yake. Likomesheni inchi chache kabla ya usawa wa ardhi, kisha mfukie udongo. Pimeni kila nguzo kwa pima maji pande mbili, na mvute uzi kutoka kona hadi kona.

Kabla ya jembe kugusa ardhi, pigeni simu 811, namba ya kuomba mabomba na nyaya zilizofukiwa ziwekewe alama, siku chache za kazi mapema. Ni bure, na sheria inataka hivyo. Watakuja kuweka alama: njano ni gesi, nyekundu ni umeme. Karibu na alama hizo chimbeni kwa mkono, taratibu, msitumie mashine. Tafadhali msiruke hatua hii, hata kwa shimo moja.

Mpaka wa kiwanja nao uthibitishwe kwa ramani ya mpima ardhi. Uzio wa zamani si ushahidi.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kubana reli, vile vipande vya kulala vinavyounganisha nguzo. Vinili ni plastiki, hutanuka na kusinyaa kwa joto na baridi: reli ya futi 8 hubadilika urefu kwa robo inchi au zaidi kati ya Januari na Julai. Acheni nafasi hiyo ndani ya tundu la nguzo, kila upande. Mkiikata ijae kabisa siku ya baridi, kiangazi itajipinda.

Nguzo za geti ni tupu ndani, na bawaba huzilemea. Ingizeni bomba la alumini, au nondo mbili kwenye pembe zinazotazamana, kisha mjaze zege. Msitundike geti mpaka zege likauke vizuri. Mimi husubiri siku tatu. Chini ya geti acheni inchi 3, maana theluji ikishindiliwa hapo na kuganda, geti halitafunguka.