Weka mkasi chini kwanza: kupogoa mimea ya kudumu na kuivusha baridi

Majani yakishapukutika na bustani ikabaki vijiti, mgeni wa kazi hii hukimbilia mkasi. Anataka pawe safi kabla theluji haijaanguka. Nami nilianza hivyo hivyo, ndiyo maana nakuomba uweke mkasi chini kwanza. Kwa mimea mingi ya kudumu, siku za mwisho za joto ni za kuiacha ipumzike.

Ncha ya tawi hutengeneza homoni inayoyazuia macho ya chini, yaani vitumba vya machipukizi, yasichipue. Ukiikata ncha, kizuizi kimeondoka na macho yanaamka. Kama bado kuna vuguvugu, mmea utatoa machipukizi laini, yamejaa maji, na jalidi ya kwanza, ule umande unaoganda alfajiri, itayaunguza yote. Akiba iliyokuwa ivushe mizizi hadi mwisho wa baridi imeliwa bure. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta balaa lile lile. Mimi huiacha wiki 6 hivi kabla ya jalidi kutarajiwa.

Mwaka wangu wa pili kazini nilipogoa hidranjia ya majani mapana, ile yenye maua ya duara ya buluu au ya pinki. Nilipomaliza ilikuwa imekaa vizuri kweli. Msimu uliofuata ikajaa majani ya kijani kibichi, ua hata moja hakuna. Mmea ule huandaa macho ya maua mapema, kwenye matawi ya mwaka uliotangulia, nami nilikuwa nimeyakata yote na kuyatupa kwenye lundo la mboji. Dada yake, hidranjia nyingine yenye vishada vilivyochongoka, hufanya kinyume: huchanua kwenye matawi mapya, kwa hiyo ukimpogoa mwishoni mwa baridi anashukuru. Basi kabla ya kukata chochote uliza: huyu huchanua kwenye tawi la zamani au jipya? Vichaka vinavyochanua mapema baridi inapoisha, vipogoe maua yakishakauka tu. Vinavyosubiri katikati ya majira ya joto, vingi vyake hupogolewa baridi inapoelekea ukingoni.

Yapo ya kukata mapema, nayo ni machache: tawi lililovunjika, lililokufa, na majani yenye ugonjwa, ambayo yaondolewe hadi yale yaliyoanguka chini. Waridi lenye matawi marefu lipunguze kidogo ili upepo usilitikise mpaka mizizi ilegee. Mashina makavu ya nyasi za mapambo na ya maua yaache yasimame. Hunasa theluji, na theluji ni blanketi zuri la shina. Tena ndani ya vijiti vyenye uwazi hulala nyuki wapweke, wale wasio na mzinga.

Waridi lenyewe lipogoe macho yanapoanza kuvimba. Kwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani chenye unyevu, tawi li hai. Ukiona kahawia kavu, shuka chini, kata kidogo kidogo mpaka kiini cha ndani kiwe cheupe. Chagua jicho linalotazama nje, ukate nusu sentimita hivi juu yake, kwa mshazari, maji yasituame. Ukiacha kisiki kirefu juu ya jicho kitakauka na kuoza, na uozo utashuka. Futa makali ya mkasi kwa spiriti unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine. Lavenda nayo ina sharti lake: usishuke hadi kwenye sehemu ngumu ya shina isiyo na majani, maana pale haichipui kwa urahisi.

Kuhusu baridi yenyewe, wengi hudhani kwamba ndiyo inayoua. Mara nyingi muuaji ni maji yanayotuama kwenye mizizi, au udongo unaoganda na kuyeyuka mara kwa mara hadi kuusukuma mmea juu, mizizi ikabaki hewani. Ndiyo sababu matandazo, yaani majani makavu au maranda ya kufunika udongo, huwekwa udongo ukishaganda. Hayaji kupasha joto; yanakuja kuituliza baridi iwe ile ile. Sentimita 5 hadi 10 zinatosha, na usiyarundike yakagusa shina. Mimea isiyopukutisha majani imwagilie maji ya kutosha kabla udongo haujaganda, kwa sababu majani yake huendelea kupoteza maji wakati mizizi haiwezi kunywa. Ya kwenye vyungu iko hatarini zaidi, kwani baridi huifikia mizizi kutoka pande zote. Isogeze pamoja karibu na ukuta, na uinue vyungu kidogo ili maji yatoke.

Dalia, ua linaloota kutoka kwenye kiazi, ngoja jalidi iyafanye majani yake meusi. Kata mashina, bakiza sentimita 10 hadi 15, kisha chimba mbali kidogo na shina, maana kiazi kikivunjika shingo hakichipui. Macho yako pale pale shingoni. Vigeuze viazi kichwa chini siku chache, mashina yana uwazi na hushika maji. Vihifadhi kwenye mchanga mkavu au maranda, mahali penye nyuzi 4 hadi 10 za Selsiasi. Kila mwezi vipapase: kilichonyauka kinyunyizie maji kidogo, kilicholainika kata sehemu iliyooza kabla haijaambukiza jirani zake.

Joto likirudi, ondoa matandazo kwa awamu, na usiwe mwepesi wa kung'oa. Haibiskasi inayostahimili baridi huchelewa sana kuamka. Wenzake wote watakuwa na majani, yeye bado vijiti. Fukua taratibu kwa kidole pembeni ya shina na uguse mizizi. Ikiwa migumu na imeshika udongo, rudishia udongo wako, mwache, urudi kumtazama baada ya wiki 2.