Ukuta wa Jirani Ukianguka, Nani Analipa?

SWALI: Ninakaa Kadutu, mjini Bukavu, kwenye mteremko, chini ya parseli (kiwanja) ya jirani. Alijenga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo bila kuacha matundu ya kupitishia maji. Ulipoanza kupasuka nilimwonya mbele ya watu. Mwezi wa nne, usiku wa mvua, uliangukia jiko langu, ukamvunja mwanangu mkono na kuharibu cherehani inayotulisha. Jirani anasema ni mvua ya Mungu, na kama kuna kosa ni la fundi. Shefu wa mtaa anatuhimiza tusameheane. Je, ninaweza kudai fidia, ingawa hakukusudia kutuumiza? — Mama wa Kadutu

JIBU: Pole sana, Mama, wewe na mtoto. Unaweza kumsamehe jirani yako na bado ukamdai fidia. Kutokukusudia kwake hakumwondolei deni, kwa sababu Kitabu cha Tatu cha sheria zetu za kiraia hapa Kongo (DRC), kinachotokana na dekreti, yaani amri ya serikali, ya tarehe 30 Julai 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba anayemdhuru mwingine kwa kosa lake analazimika kufidia, na kifungu cha 259 kinaongeza uzembe na kutokuwa mwangalifu.

Kwako wewe, kifungu chenye nguvu zaidi ni cha 262: mwenye jengo anawajibika kwa madhara yanayoletwa na kuanguka kwake, ikiwa kumetokana na kutolitunza au na kasoro ya ujenzi. Kwa hiyo hawezi kukutuma kwa fundi. Akulipe wewe kwanza, kisha, akiona fundi alimjengea vibaya, amfuate mwenyewe.

Kuhusu mvua, ni kweli kwamba tukio lisiloweza kutabirika wala kuzuilika humwondolea mtu dhima. Lakini Bukavu mvua hunyesha tangu Septemba hadi Mei, na anayejenga juu ya mteremko wetu anajua maji yatapita wapi. Mimi siamini kwamba mvua ya Aprili inaweza kuitwa jambo la ghafla, hasa kwa mtu aliyekwisha kuonyeshwa nyufa.

Hata hivyo, mzigo wa kuthibitisha ni wako: kosa au kasoro, madhara, na kwamba la kwanza ndilo lililoleta la pili. Piga picha kabla mawe hayajaondolewa, andika majina ya waliosikia onyo lako, mwite fundi mwingine aeleze kwa maandishi hali ya ukuta, na tunza risiti za hospitali na za cherehani. Dai pia mapato uliyopoteza na maumivu ya mtoto. Ujiandae kuulizwa kama jiko lako lilijengwa karibu mno na ukuta, kwani hakimu akiona nawe ulichangia, anaweza kupunguza fidia.

Kwa kuwa mtoto aliumia, kuna pia upande wa jinai, yaani kujeruhi bila kukusudia kwa kukosa tahadhari. Kesi ikifunguliwa, unaweza kudai fidia humo humo kama mlalamikaji wa kiraia.

Mapatano mbele ya shefu ni njia njema na ya gharama ndogo. Yaandikwe, yataje kiasi na tarehe za kulipa, na usitie sahihi kwamba umemaliza madai yote kabla daktari hajasema mkono wa mtoto umepona au utabaki na kilema.