Pedi ya shavu kwa bunduki ya Remington 700 yenye darubini ya lenzi ya mbele ya milimita 50

Umeuliza pedi ipi ya kuinua shavu ununue, kwa kuwa unaona kivuli cheusi ndani ya darubini. Kivuli hicho kinatokana na pete ndefu zinazoshika darubini juu ya bunduki: shavu likilala kwenye kitako jicho linabaki chini, na ukiliinua shavu linaelea. Usinunue pedi kabla ya kupima. Toa risasi, chomoa bolti (chuma cha kufunga chemba ya risasi, kinachovutwa nyuma kwa mkono), funga macho, laza shavu kwenye kitako bila kukaza shingo, kisha fumbua. Ongeza vipande vya sponji ngumu vya milimita 3, ukivishika kwa selotepu, mpaka uone duara zima. Nunua pedi ya kimo hicho. Ningechukua ya kufungwa kwa mikanda. Ya plastiki ngumu mara nyingi hudai kutoboa kitako, na tundu halizibiki vizuri. Kosa kubwa ni kuisogeza mbele mno: bolti ikivutwa nyuma inagonga pedi. Rudisha bolti, ivute mpaka mwisho bunduki ikiwa tupu, ndipo ukaze mikanda.