Kwa mnaoanza kubeba mafaili ya waheshimiwa

Wadogo zangu mlioajiriwa mwezi huu kuwaandikia waheshimiwa hotuba na madokezo, nimewasikia kantini. Mmoja wenu kalalamika kwamba ana shahada ya pili, lakini wiki nzima kazi yake imekuwa kutoa nakala na kufukua Hansadi za zamani, zile kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja. Aliyenifundisha kuiheshimu ni mtu ambaye sikuwahi kumtia machoni: Hugh Segal, seneta mhafidhina wa Kanada aliyefariki Agosti 2023. Nilitumwa nitafute namna nchi nyingine zinavyojadili fedha za kuwasaidia maskini, nikamkuta kwenye kumbukumbu za Seneti, Bunge la juu la kwao. Nilikuwa natafuta takwimu moja tu. Nikakaa naye mwezi mzima.

Segal alizaliwa Montreal mwaka 1950, katika familia ya Kiyahudi, baba yake dereva wa teksi. Alikuwa na miaka 12 hivi Waziri Mkuu John Diefenbaker alipofika shuleni kwao kuzungumzia sheria ya haki za raia, na mtoto akatoka pale mhafidhina. Mwaka 1972 aligombea ubunge Ottawa Centre, akakosa kwa kura chache. Mwaka 1974 akarudi ulingoni, akakosa tena. Mwaka 1998 akautaka uongozi wa chama chake, Progressive Conservative. Baada ya raundi ya kwanza alijitoa, akamuunga mkono Joe Clark aliyekuwa akishindana naye. Yaani mtu huyu hakuwahi kuingia bungeni kwa kura ya mwananchi hata mara moja, na bado ameacha alama kuliko wengi walioshinda kwa kishindo.

Aliiachaje? Kwa kazi hiyohiyo mnayoilalamikia. Alianza na Robert Stanfield, kiongozi wa upinzani. Akahamia kwa Bill Davis, kiongozi wa serikali ya jimbo la Ontario, na huko alikuwemo katika mazungumzo ya kuirudisha katiba ya Kanada nyumbani kutoka Uingereza. Mwaka 1992 Waziri Mkuu Brian Mulroney akamfanya mkuu wa ofisi yake. Mwaka uliofuata chama kilibwagwa vibaya, kikaambulia viti 2 nchi nzima. Hebu fikirini: umebeba mafaili ya chama kizima, na chama chenyewe kimebaki watu wa kutosha pikipiki moja.

Sasa sikilizeni jambo la faili. Katikati ya miaka ya 1970 serikali ya Davis ilianza kuwajazia kipato wazee wa Ontario waliokuwa fukara, wengi wao akina mama. Segal aliyaona matokeo akiwa msaidizi. Mwaka 2008, akiwa seneta, alipowasilisha hoja ya kutaka Seneti ichunguze suala la kipato cha uhakika kwa kila raia, hakwenda na nadharia za vitabuni. Alikwenda na wale wazee. Faili alilolibeba kijana lilimpa hoja akiwa na mvi. Ndiyo maana nasema msitupe madokezo yenu ya mwaka wa kwanza, hata yale mnayoyaonea aibu.

Na huo useneta aliupataje? Kule maseneta 105 hawapigiwi kura. Huteuliwa kwa pendekezo la waziri mkuu na hukaa hadi miaka 75. Aliyempendekeza Segal mwaka 2005 ni Paul Martin, waziri mkuu wa chama cha Liberal, wapinzani wake wa maisha. Akaingia na kuketi upande wa wahafidhina, kama kawaida. Kwetu tungesema amenunuliwa, na gazeti la kesho lingeuliza kwa bei gani. Nilivyomsoma mimi, hakuwahi kumdharau mtu aliyempinga, na watu hawasahau ulivyowatendea siku uliyowashinda.

Simfanyi mtakatifu. Alilipwa mshahara katika chombo ambacho mwananchi hakumchagua, na aliijua dosari hiyo. Mwaka 2007 alileta hoja wananchi waulizwe kwa kura kama Seneti ifutwe, ingawa mwenyewe alitaka ibaki.

Kuhusu umaskini, alishirikiana na Art Eggleton, seneta wa Liberal aliyewahi kuwa meya wa Toronto. Ripoti ya kamati yao ndogo ilitoka Desemba 2009. Serikali ya Stephen Harper, ya chama cha Segal mwenyewe, haikuifanyia kazi ya maana. Ikalala. Mwaka 2016 serikali ya Liberal ya Ontario ilimwomba aandike waraka wa namna ya kulijaribu wazo la kipato cha uhakika. Mwaka 2017 jaribio likaanza Hamilton, Thunder Bay, Lindsay na maeneo jirani, kwa watu wapatao 4,000. Asiye na mwenzi alipata hadi dola 16,989 kwa mwaka, na kila dola aliyoichuma kazini ilipunguza senti 50 tu za malipo hayo, ili asione hasara kutafuta kibarua. Hapo ndipo penye uhafidhina wake, msipapite haraka: alitaka maskini apewe fedha mkononi na aachwe apange mwenyewe, bila afisa wa kumkagua jikoni.

Julai 2018 wahafidhina wa Ontario chini ya Doug Ford, waliokuwa wameahidi kwenye kampeni kuliacha jaribio liendelee, walilifuta wiki chache baada ya kushika madaraka. Malipo yakakoma Machi 2019, kabla ya utafiti kukamilika. Chama chake kilekile! Segal alilalamika hadharani, akaendelea kuandika.

Lakini kisa ninachowasimulia vijana wote ni cha mswada C-377. Ulivitaka vyama vya wafanyakazi vitangaze kila matumizi yanayozidi dola 5,000. Serikali ya Harper iliuunga mkono. Segal aliona ni kuvionea. Angeweza kupiga kelele, akapigiwa makofi na upinzani, mswada ukapita. Badala yake alileta marekebisho yenye tarakimu: 5,000 iwe 150,000, na vyama vyenye wanachama chini ya 50,000 visiguswe. Gamba likabaki, meno yakang'oka. Juni 2013 marekebisho yalipita kwa kura 49 dhidi ya 33, wahafidhina 16 wakiwa pamoja naye. Wenzake wasingeweza kuukataa mswada wa upande wao, ila kusahihisha tarakimu waliweza.

Haikuishia hapo, na wengi wanaosimulia hukatia hapa. Kabla Bunge la chini halijayajadili marekebisho, kikao cha Bunge kilifungwa rasmi. Kwa kanuni zao mswada ukarudi Seneti kama ulivyokuwa mwanzo, marekebisho yote yakafutika. Segal aliondoka Seneti Juni 2014, miaka 11 na zaidi kabla ya ukomo, akaenda kuongoza Massey College kule Toronto. Mwaka mmoja baadaye mswada ulipita na meno yake yote. Serikali iliyofuata ikaifuta sheria hiyo mwaka 2017.

Yalinikuta ya namna hiyo. Miezi minne niliandika marekebisho kwa ajili ya mheshimiwa mmoja, kifungu kwa kifungu, hata pasaka sikwenda nyumbani. Bunge likavunjwa kwa ajili ya uchaguzi, mswada ukafa na karatasi zangu. Aliponiuliza kwa nini sikumwambia muda hautoshi, sikuwa na jibu: kanuni za kuwasilisha nilizikariri, za kufunga sikuwahi kuzisoma.

Kanuni za Kudumu ziko droo ya pili ya meza yangu, nakala yenye mchirizi wa chai. Anzeni mwisho, kwenye kuahirisha na kuvunja. Atakayeichukua aandike jina kwenye daftari la masijala, maana nakala mbili zimeshapotea.