Kinyago hakikuwa cha kutazamwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki, "Kwa nini vijana wa leo hawana habari na makumbusho wala sanaa za jadi?", limenichoma. Huku Mtwara tunaulizwa hivyo na kila anayeshuka na kamera. Na mimi nauliza: wazee wao walikuwa wanakwenda? Baba yangu amekufa hajakanyaga Makumbusho ya Taifa pale mtaa wa Shaaban Robert, na hakuna aliyemwambia kwamba ameutupa utamaduni.

Halafu waende wapi? Kijana wa Lindi akitaka kumwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria, ambaye mifupa yake ilichimbwa kati ya 1909 na 1913 na kubebwa na babu zetu hadi bandarini, akatafute viza ya Ujerumani. Mjusi yuko Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Sisi tumebakiwa na kilima.

Lakini niwape kisa. Mwaka mmoja korosho ilipolipa vizuri, wali wa jando, yaani vijana waliotahiriwa, walitolewa kijijini kwetu, upande wa Newala. Babu zetu Wamakonde walivuka Ruvuma na mapiko yao, vinyago vya kuvaliwa kichwani, kwa hiyo siku hiyo lipiko lazima litoke. Likatoka mchana kweupe: uso wa mti mwepesi, chale za nta mashavuni, nywele za mtu kweli kichwani. Mchezaji kavikwa nguo mpaka vidoleni, njuga kiunoni, na njia anaionea kwenye mdomo wa kinyago. Mpwa wangu, kaja na basi la Dar jana yake, akasogea na simu akirekodi, akawasha tochi na kuielekeza mle mdomoni.

Ngoma zikanyamaza. Wazee wakamnyang'anya simu. Kina mama na watoto wote wako pale, na wao huambiwa lile si mtu! Kijana naye hakunyamaza: "Sasa wajomba, mbona Dar nimeliona makumbusho, ndani ya kioo, taa juu yake, na darasa zima la watoto wa kike linachungulia ndani?" Wakabishana mpaka ngozi za ngoma zikalegea, ikabidi ziwashiwe moto wa nyasi upya. Kwa mila zetu mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo faini ilinihusu mimi: jogoo na pesa ya pombe. Nililipa nikinung'unika.

Jioni mtu mmoja, ambaye simtaji kwa sababu haitakiwi ijulikane mchana ule alikuwa wapi, akamvuta mpwa wangu pembeni na kuomba arushiwe ile klipu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema vijana hawana kosa lolote. Sasa naona ile tochi ilikuwa ukorofi, na jogoo alistahili. Ila kijana alipanda basi kwa nauli yake, akakesha kwenye ngoma na kucheza sindimba mpaka viatu vikamshinda. Huyo mtasemaje hana habari na jadi? Hana habari na kioo tu, na hata mimi kioo sikipendi. Kinyago kikitundikwa ukutani hakina mchezaji wala ngoma, na mwenye kukiogopa hayupo.

Pamoja na hayo, msifunge makumbusho. Lipo lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa mwaka 1984, likaibukia Geneva kwenye makumbusho ya Barbier-Mueller, likarudishwa nchini 2010. Lilikuwa na mahali pa kudaiwa. Ya kijijini kwetu yaliyouzwa kwa wapita njia nani atayadai? Mengine yameliwa na mchwa darini. Kwa hiyo jibu langu, kama mnalitaka kwa lazima: ndiyo, vijana waende, hata kwa kusukumwa, lakini pajengwe pa karibu, na siku moja moja kinyago kishushwe kichezwe. Mchwa wakiingia, shauri yenu.

Nimesema ya jando tu. Ya unyago waulizeni kina mama. Nikiwajibia mimi, nitatozwa jogoo mwingine.

Msomaji, Mtwara